Kabla ya Kupiga Hema

  

Mama mmoja anayeishi Kitengela, asili yake kwetu Pwani, ameniletea suala ambalo sikulizoea. Mumewe amemaliza mkataba wa kazi na amelipwa haki yake. Badala ya kutafuta kazi nyingine papo hapo, ameazimia kuihama nyumba ya kupanga, kuuza vyombo vikubwa, kununua mahema mawili na kuwachukua mkewe na watoto watatu katika safari ya mwaka mzima. Wataanzia Kajiado, waende Amboseli, wapite Namanga, kisha waingie Tanzania, wakilala mahemani kila wanapofika. Mama huyu hapingi. Alichotaka kujua ni ajitayarishe vipi. Ameorodhesha magodoro, mtungi wa gesi, madumu ya maji na nguo za baridi. Mwishoni, kama mtu anayekumbuka jambo dogo, akaandika kwamba wanakaa na mkwewe, mama mzazi wa mume, mtu mzima mwenye maradhi ya sukari, na kwamba "atatafutiwa pa kukaa".

Amenipa idhini nimjibu hapa bila ya kumtaja, kwa sababu hayuko peke yake. Tangu viwanda vya EPZ vya Athi River vianze katika miaka ya 1990, watu wetu wengi wamekwenda kutafuta riziki upande ule na kupanga nyumba Kitengela. Na hamu ya safari za mahema imeingia katika familia zetu, wengine kwa likizo ya Disemba, wengine kwa miezi. Jibu langu linaanzia kwenye ule mstari wake wa mwisho. Magodoro yatasubiri.

Kwanza niwatoe wasiwasi wazee wanaodhani kwamba kulala hemani ni mambo ya watalii. Katika Suratun-Nahl, aya ya 80, Mwenyezi Mungu ametutajia miongoni mwa neema zake nyumba zilizotengenezwa kwa ngozi za wanyama, nyepesi siku ya kusafiri na siku ya kutua. Aya hiyo imeanza kwa kuitaja nyumba ya kudumu kuwa ni mahali pa utulivu, kisha ikaleta ile ya kubebwa. Zote mbili ni neema, na mwenye kuiacha moja kwa ajili ya nyingine hana lawama kwa hilo peke yake. Lawama hutokana na namna anavyoiacha.

Anayetaka kujifunza kuhama katika Kajiado asiwaulize wauzaji wa mahema wa Nairobi peke yao. Awatazame wenyeji. Wamasai wamehama na mifugo katika nchi ile kwa vizazi na vizazi, wakitawanyika mvua inyeshapo na kurudi penye maji ya kudumu wakati wa kiangazi, kama yale mabwawa ya Amboseli yanayolishwa na maji ya Kilimanjaro yapitayo chini ya ardhi. Kuhama kwao, ambako mtu wa mjini hukuona kama kutangatanga, kuna mpango madhubuti. Hawaondoi ng'ombe kabla ya vijana kutangulia kuyaona malisho na kuzungumza na wenye nchi ya huko waendako. Nyumba kwao ni kazi ya mwanamke. Yeye ndiye huisimamisha kwa fito na kuikandika kwa samadi, na siku ya kuhama ndiye ajuaye ngozi gani, vibuyu gani na fito gani zitapanda juu ya punda, na kipi kitaachwa.

Lakini jambo lililonigusa zaidi ni jingine. Tangu mwishoni mwa 2020 hadi mwisho wa 2022, mvua za misimu mitano mfululizo zilikosekana katika sehemu kubwa ya Pembe ya Afrika, na Kajiado ikawa miongoni mwa kaunti zilizoumia. Mizoga ya ng'ombe ilionekana kandokando ya barabara. Vijana walikwenda masafa marefu kufuata majani, na hawakujua watarudi lini. Hata katika dhiki kama ile, desturi ya wafugaji hawa ni kuligawa kundi kabla ya kuondoka. Ng'ombe kadhaa wenye kukamwa, pamoja na mbuzi, huachwa nyumbani kwa ajili ya wazee, wanawake wanaobaki na watoto wadogo. Mwenye kwenda mbali huondoka na wale wasio na maziwa. Yaani, masurufu ya anayebaki hutengwa kwanza, kisha ndipo safari huhesabiwa kwa kile kilichosalia.

Sisi tuna sababu kubwa zaidi ya kufanya hivyo, kwa kuwa tumefundishwa na Mtume (S.A.W.) kwamba yamtosha mtu dhambi ya kuwapoteza wale ambao kuwalisha kwao ni juu yake. Mzazi mhitaji ni miongoni mwa hao, na matumizi yake ni juu ya mwanawe mwenye uwezo. Haikubaliki mzee kuwa ndiye kitu cha mwisho katika orodha, baada ya kabati na friji kupata wanunuzi.

Tukiitazama Hijra, safari kubwa kupita zote katika historia yetu, tunaona jambo hilihili. Mtume (S.A.W.) alikuwa akiwindwa, na watu waliokuwa wakimwinda walikuwa wameweka mali zao kwake kwa sababu ya uaminifu wake. Alimwacha Sayyidna Ali (R.A.) Makka ili arudishe kila amana kwa mwenyewe. Mwongozaji wa njia, Abdullah bin Urayqit, alikwisha kukodiwa na kukabidhiwa ngamia mapema, naye hakuwa Mwislamu, bali alikuwa mjuzi wa njia na mtu wa kuaminika. Chakula kilifungwa na Bibi Asma binti Abubakar (R.A.), ambaye alipokosa kamba aliupasua mshipi wake vipande viwili, na hiyo ndiyo asili ya lakabu yake ya mwenye mishipi miwili.

Baada ya hapo yakatokea ya nyumbani. Sayyidna Abubakar (R.A.) aliondoka na fedha zake zote, dirhamu elfu tano au sita. Baba yake, Abu Quhafa, mzee aliyekuwa haoni, akaja kuuliza kama wajukuu wameachwa mikono mitupu. Bibi Asma akaweka mawe katika kile kishubaka cha kuwekea fedha, akayafunika nguo, akaushika mkono wa babu yake na kumpapasisha, mzee akatulia. Nimewasikia vijana wakiisimulia hadithi hii kwa kicheko. Mimi huniumiza, kwa jinsi binti yule alivyobeba peke yake hofu ya mzee. Na mtu asiifanye kuwa hoja. Ile ilikuwa hijra ya kuiokoa dini na roho, wala si safari ya kwenda kuwaona tembo. Mwenye kwenda Amboseli hana udhuru wa kumwachia mzazi wake mawe.

Kwa hivyo, mume wa mama huyu akae kwanza na mama yake, amwombe radhi kabla ya kumpa taarifa, na amwulize yeye mwenyewe angependa kukaa na nani. Asikubali jibu la haraka, kwa kuwa wazee wetu wa kike wana desturi ya kusema "nendeni tu wanangu" huku moyo unasema jingine. Akishachagua, fedha za matumizi na dawa zikabidhiwe huko mbele ya safari, kwa miezi inayojulikana, na mtu mmoja atajwe kwa jina kuwa ndiye atakayempeleka kliniki. Wazo la kumchukua hemani silioni. Dawa ya sukari ya sindano huhitaji ubaridi, na nchi ya kuelekea Magadi ina joto la kuiharibu dawa na mwenye dawa. Na kama hapatikani mtu wa kukaa naye kwa ridhaa, basi safari ya mwaka na igeuzwe kuwa ya wiki tatu za likizo, mama akiwa kwa jamaa, kisha warudi. Mahema hayaozi kwa kungojea.

La pili ni madeni. Wanavyuoni wetu wa madhehebu ya Imamu Shafi wameeleza kwamba mwenye deni lililofikia muda wake, naye ana uwezo wa kulilipa, hana ruhusa ya kusafiri ila kwa idhini ya mdai wake. Tusiyatazame madeni makubwa tu. Mkazi wa Kitengela ana deni la duka la mtaani, zamu yake ya chama ambayo pengine alishaipokea mapema naye bado anadaiwa michango, mkopo wa chama cha akiba, mkopo wa simu, bili ya maji. Mke naye ana yake, na mara nyingi mume hayajui. Waketi usiku mmoja na daftari, kila mmoja aseme la kwake bila ya kugombezana. Vitu vya watu vilivyomo nyumbani virudishwe: sufuria la jirani, cherehani, nguo iliyoazimwa kwa harusi. Mwenye nyumba apewe notisi kwa maandishi kama mkataba unavyosema, maana kuhama usiku ni dhuluma, hata kama yeye naye ana makosa yake. Kisha kila mmoja, mume na mke, aandike wasia wake. Tumekokotezwa kutolala mausiku mawili bila ya wasia kuandikwa hata tukiwa majumbani mwetu, sembuse mtu atakayelala porini.

Kuhusu watoto nitasema kwa ufupi. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inamlazimu mzazi kuhakikisha mwanawe anahudhuria shule. Mwaka mzima wa kutangatanga si jambo la kuamuliwa na baba peke yake juu ya usukani. Waonane na mwalimu mkuu, na waonane pia na maalimu wa madrasa, kwa kuwa juzuu iliyohifadhiwa hutoroka kwa kasi kuliko hesabu za darasani.

Sasa nije kwako wewe mama uliyeuliza. Umeniambia hupingi, nami sikuona popote katika barua yako neno "nataka". Maskani ni haki ya mke juu ya mumewe, na fukahaa wamesema yawe ni yenye kulaikiana na hali yake. Mwanamke aliyelelewa katika nyumba ya mawe Mombasa au Lamu akiridhia hema, ni hisani yake na ana thawabu. Asiporidhia, au njia ikiwa haina amani, kukataa kwake si uasi. Basi ridhaa yako iwe ya kweli, na iwe na masharti uliyoyasema waziwazi: fedha za dharura ambazo hazitaguswa kwa petroli, mahali pa kurudi endapo utaugua au utashika mimba, na siku maalumu, kwa mfano mwisho wa mwezi wa pili, ya kukaa na kuamua tena kama mnaendelea. Na mkeshe katika istikhara kabla ya kuuza kitanda.

Mahema mawili huenda yasitoshe. Mmoja wa wanao ni mvulana wa miaka 12 na mwingine ni msichana wa 10, na tumeamrishwa kuwatenganisha malazi wafikapo umri huo. Hesabuni basi matatu, au hema kubwa lenye pazia la kushonwa. Mahali pa kuogea pia panataka stara yake. Turubai lisiloonyesha, miti minne na kamba vyatosha, na leso kuukuu hazikosi kazi.

Maji ndiyo hesabu ya kwanza ya vyombo. Imepokewa kwamba Mtume (S.A.W.) akitawadha kwa mudi moja, ambayo ni kama robo tatu ya lita, na akioga josho kwa pishi ya wakati ule, isiyozidi sana lita tatu. Mnao wanne wenye kuswali. Kwa mudi moja kila mtu, sala tano ni lita 15 kwa siku, yaani dumu la lita 20 linatosha na kubakisha. Tatizo ni kwamba sisi tuliozoea mfereji tunatawadha kwa ndoo. Anzeni mazoezi mkiwa bado Kitengela, kila mtu na kopo lake.

Yakikosekana maji baada ya kuyatafuta, au yakiwa ni ya kunywa tu, kuna tayamamu. Hata maji ya kumnywesha mnyama mwenye kuheshimiwa, kama ng'ombe au punda, yanatangulizwa kabla ya udhu, na hilo mfugaji wa Kajiado atalifahamu upesi kuliko sisi. Tayamamu katika madhehebu yetu huwa kwa udongo safi wenye vumbi. Ule ukoko mweupe unaofunika Ziwa Magadi si udongo, ni magadi, wala hautayamamiwi. Lakini maji yaliyobadilika kwa magadi au chumvi iliyomo mahali pake penyewe yanabaki kuwa twahara na yanatwaharisha, hata yakiwa machungu mdomoni. Mwanamke akitwahirika na hedhi njiani naye hana maji ya josho, atatayamamu na kuswali, kisha ataoga akiyapata. Asikae siku nzima bila ya kuswali kwa kungoja bomba la Namanga.

Jambo linalowachanganya wengi ni kupunguza sala. Masafa ya kupunguza, kwa hesabu ya kilomita, ni 80 na ushei. Kitengela hadi mji wa Kajiado hazifiki 60. Anayekwenda kupiga hema Kajiado na kurudi ataswali kamili, hata akijiona yuko mbali na dunia. Kitengela hadi Namanga zinapita 120, na huyo ni msafiri wa kupunguza na kukusanya, tangu atakapoyapita majengo ya mji, ingawa siku hizi majengo ya Kitengela yanamfuata msafiri kitambo kizuri katika njia ya Isinya. Akifika mahali na kunuia kukaa siku nne kamili, bila ya kuhesabu siku ya kuingia na ya kutoka, amekuwa mkaazi na ataswali nne. Basi wiki moja ya Amboseli ni ya sala kamili. Na asiye na mwisho anaoukusudia, akizunguka tu popote gari litakapomfikisha, hapunguzi hata akitembea mwaka. Hii ni faida mojawapo ya kuwa na ratiba.

Zana nyingine mtaambiwa na wenye maduka, nami sizijui sana. Yako mambo machache ambayo wao hawayasemi. Jiko la makaa lisiingizwe hemani kwa hali yoyote. Kati ya Juni na Agosti baridi ya nyanda za Kitengela na Kajiado humshawishi mtu wa Pwani kufanya hivyo, na moshi usioonekana umeua familia zikiwa usingizini. Mtume (S.A.W.) ametuamrisha kuuzima moto tulalapo. Pia ametukataza kutua usiku juu ya njia yenyewe, kwa kuwa ni mapito ya wanyama na makazi ya wadudu wenye sumu, na atakayeifuata sunna hii karibu na Amboseli atajua hekima yake. Mvua za Oktoba hadi Disemba, ambazo huangukia likizo ndefu ya shule, huugeuza ule udongo mweusi wa nyanda za juu kuwa ulimbo wa kunasa gari. Na ardhi ya Kajiado ina wenyewe. Mashamba mengi ya pamoja yamegawanywa na watu wana hati zao. Majani yasiyo na ua si majani yasiyo na mwenyewe, kwa hivyo ombeni idhini kabla ya kupiga kigingi, na mbugani laleni katika viwanja vilivyowekwa na Shirika la Huduma za Wanyamapori.

Mkikaribishwa bomani, pokeeni maziwa kwa furaha, nayo ni halali, wala msikunje uso kwa harufu ya moshi wa kibuyu. Damu msinywe, na nyama ulizeni kwa adabu, kwa kuwa desturi ya kale ya kumziba mbuzi pumzi haimfanyi kuwa halali kwetu. Mfugaji hachukii Mwislamu akiomba amchinje mwenyewe.

Mkiwa Mombasa mmezoea kuelekea kaskazini sawasawa, kwa kuwa mji wetu na Makka karibu viko katika mstari mmoja. Huko Kajiado kibla huegemea mashariki kidogo ya kaskazini, kama digrii 7. Dira ndogo iingie katika mkoba wa mama, kwa kuwa simu huzima. Katika viwanja vya Amboseli, Kilimanjaro huwa upande wa kusini, basi asubuhi mawingu yakiwa bado hayajaufunika, mwenye kuupa mlima mgongo ameshaikaribia kibla, na dira itamalizia kilichobaki.